Awamu Mbili za Nyumba Namba Kumi na Saba

Sokoni walimwita Mama Shoka, na hakuna aliyedhani jina hilo ni la utani mtupu. Alikuwa na bucha ya upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya muuza nafaka na fundi saa, na humo alikuwa amesimama miaka kumi na tisa nyuma ya gogo la mti mgumu lililobonyea katikati kama bakuli. Paja la ng'ombe aliliteremsha kutoka kwenye kulabu peke yake. Mfupa wa goti aliukata kwa pigo moja. Pigo la pili, alisema, ni la wanaojifunza.

Hata mbali na gogo, mkono wake ulikuwa mwepesi. Kibaka aliyetia mkono kwenye droo yake ya pesa aliondoka na taya iliyohama. Mlevi aliyempapasa kiuno akiwa anapima maini alilala hospitali siku nne. Watu walicheka, wakamsifu, na yeye sifa zikamwingia. Akazoea kuamini kwamba jambo lolote lililokwama, ukilipiga vizuri, litakwamuka.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa: fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini, aliyeomba radhi hata akijigonga kwenye meza. Walikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, mwenye akili ya baba na macho ya mama. Watatu hao waliishi katika chumba kimoja cha kupanga, na binti alikuwa amefika miaka kumi na nne, ndipo Mama Shoka alipoona tangazo la nyumba mpya ishirini zilizokuwa zikijengwa mstari mmoja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Kianzio, kisha awamu thelathini, moja kila mwezi, kupitia benki.

"Tutaweza?" mumewe aliuliza.

"Wewe shona. Mimi nakata. Tutaweza."

Wakaweza. Baada ya awamu ya ishirini na nane kampuni ikawapa funguo za nyumba namba kumi na saba, kwa makubaliano kwamba mbili za mwisho zingefuata ndani ya miezi miwili na hati ingetoka baada ya hapo. Siku ya kuhamia, Mama Shoka aligonga kila ukuta kwa ngumi kusikia kama ni imara. Rangi ilikuwa bado inanuka. Alilala sakafuni chumbani kwake, mikono ameitanua pande zote, akacheka peke yake kama mwehu.

Awamu mbili za mwisho alizipeleka mwenyewe, kwa wakati. Mwezi wa nne tangu wahamie, barua ikaja.

Ilisema nyumba namba kumi na saba inadaiwa awamu mbili. Ilisema mnunuzi asipolipa ndani ya siku kumi na nne, kampuni itaichukua nyumba yake. Mama Shoka aliisoma akiwa amesimama buchani, damu ikimpanda kichwani. Akaikunja, akaitia kwenye aproni, akaenda kwa miguu mpaka ofisi za kampuni, na aproni yake vilevile.

Karani aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa msichana mwenye mafua. Alibonyeza kompyuta yake, akapenga kamasi, akasema, "Mama, hapa zinaonekana awamu ishirini na nane tu."

"Nimelipa thelathini."

"Una zile fomu za benki? Ulizogongewa muhuri?"

Swali lilikuwa la haki. Fomu zote zilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, zimepangwa na mumewe kwa tarehe. Lakini yeye alisikia kitu kingine. Alisikia kwamba anaitwa mwongo mbele ya foleni ya watu.

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema lete fomu tu..."

"Miaka miwili na nusu napeleka pesa, leo unaniambia lete fomu?"

Ngumi yake ilipita kwenye kioo kabla hata hajajua ameikunja. Vipande vilimwagika juu ya meza, juu ya kompyuta, mapajani mwa karani aliyepiga yowe na kurudi nyuma na kiti chake. Walinzi wawili wakamvaa. Mmoja alimpiga kiwiko cha mbavu, yeye akampiga kichwa cha pua, na mwishowe wakamburuta kwa miguu mpaka nje ya geti, damu ya mkono wake ikichora mstari kwenye vigae. Mlinzi mwenye pua iliyovimba akamwambia, "Wewe na ukoo wako mzima, nikiwaona hapa tena nitawavunja miguu."

Nyumbani mumewe alimfunga mkono kwa kitambaa. Alipomaliza, akasema, "Mama watoto, niache mimi niende. Nichukue kopo lile, nikae nao, tuhesabu moja moja."

"Ukienda kuwapigia magoti, usirudi humu ndani."

"Si kupiga magoti. Ni kuonyesha karatasi."

"Wanajua tumelipa! Wanataka kutula tu. Waje hapa. Waje waichukue nyumba yangu nikiwa hai."

Hakujua kwamba siku ya kumi na mbili mumewe alikwenda hata hivyo, kopo kwapani. Getini mlinzi yuleyule aliyepigwa pua alimtambua kwa namba ya nyumba alipojiandikisha, akamtupa nje kwa teke la kiuno, na kopo likafunguka barabarani. Fundi cherehani aliokota fomu zote thelathini kwenye vumbi, akazifuta, akarudi nyumbani, akasema amejikwaa.

Siku ya kumi na tano, saa tatu asubuhi, Mama Shoka alikuwa anapasua mbavu simu ilipoita. Ni binti yake, shule zilikuwa zimefungwa. "Mama, wanang'oa mlango."

Hakuuliza nani. Hakuweka shoka chini. Alikimbia nalo mkononi, akapita katikati ya soko, watu wakimpisha kama maji yanavyopasuliwa, akakata uchochoro wa kiwanda cha magodoro, akatokea kwenye mstari wa nyumba ishirini pumzi zikimwasha kifua.

Walikuwa wanaume wanne. Msimamizi alisimama pembeni na karatasi, amevaa kofia ya plastiki. Wawili walikuwa wameshika mlango, mmoja ameukamata kwa vidole ukingoni ili usianguke. Wa nne, mtu mnene, alikuwa ameingiza mtaimbo kwenye bawaba ya juu, anauegemea kwa uzito wake wote. Na katikati ya vyuma na mbao, mgongo ameuweka kwenye fremu, alisimama mumewe na kopo la biskuti.

"Ndugu zangu," alikuwa anasema, "angalieni tu. Dakika tano tu."

Mama Shoka hakupunguza mwendo. Alimvaa yule mnene kwa bega, kwa mbio zake zote. Mtu akaruka. Mtaimbo, uliokuwa umekazwa kama upinde, ukafyatuka kutoka kwenye bawaba, ncha yake ikazunguka hewani na kutua usoni mwa fundi cherehani.

Sauti ya pigo haikuwa kubwa. Mama Shoka aliufahamu mlio ule. Aliutoa mwenyewe kila siku kwenye gogo. Mumewe aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, mikono miwili juu ya jicho la kushoto, na kati ya vidole ikaanza kutoka damu nyeusi iliyochanganyika na maji.

Kisha dunia yote ikawa nyekundu. Aliona mkono, mkono ulioshika ukingo wa mlango, vidole vinne vimejipanga juu ya ubao. Akateremsha shoka.

Pigo moja.

Vidole viwili vilianguka ndani ya nyumba, juu ya sakafu aliyoipiga deki alfajiri. Mwenye mkono aliutazama kwanza bila kuelewa, kisha akapiga ukelele uliowatoa watu kwenye nyumba zote ishirini. Msimamizi alitupa karatasi akakimbia. Yule mnene aliokota mtaimbo akampiga Mama Shoka mgongoni mara mbili, tatu, mpaka akaanguka kifudifudi, na hata pale chini alikuwa bado anarusha shoka kwenye miguu yao. Binti ndiye aliyemlalia juu, akalia, "Mama, acha! Mama, baba anakufa!"

Polisi walipofika, alikuwa ameketi kizingitini, kichwa cha mumewe mapajani, shoka limelala kwenye majani. Hakuwabishia.

Selo ilikuwa chumba cha wanawake tisa na ndoo moja. Saa ya kwanza mwanamke mwenye kovu shavuni alimwambia aketi karibu na ndoo, kwa kuwa ni mgeni. Mama Shoka alimpiga kofi, akapigwa ngumi ya mdomo, jino likalegea, wakakamatana nywele mpaka askari akawamwagia maji. Baadaye wote wawili waliketi wamelowa, wanatetemeka, na yule mwenye kovu akauliza, "Umefanya nini?"

"Nimemkata mtu vidole. Na mume wangu nimemtoboa jicho."

"Yeye alikufanya nini?"

"Hakuna," alisema Mama Shoka. "Yeye hajawahi kunifanya kitu."

Siku ya tatu binti alikuja. Waliwaruhusu kuongea kwenye meza ya kaunta, askari akisikiliza. Binti hakumkumbatia. Alifungua kopo lililobonyea, akatoa fomu mbili, akazilaza mezani.

"Baba amelazwa. Jicho wamelitoa."

Mama Shoka akafumba macho.

"Angalia hapa, mama. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Soma namba ya nyumba."

Akainama. Zilikuwa fomu za awamu mbili za mwisho. Alizikumbuka: kipindi hicho kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bandeji, mfupa ulikuwa umemchana, na alikuwa akiandika kwa shida, foleni ikimsukuma. Jina lake lilikuwa sahihi. Kiasi kilikuwa sahihi. Lakini saba yake ilikuwa imenyooka kama msumari, bila kofia. Mtu yeyote angesoma kumi na moja.

"Wameingiza kwenye namba kumi na moja," alisema binti. "Jina lako lipo, saini ipo, wao wamefuata namba tu. Nimekaa na hizi fomu usiku mmoja, nimeona. Usiku mmoja, mama. Na karani alikuomba uzilete."

"Mwanangu..."

"Wewe unapiga kwanza, ndio unauliza. Sasa uliza." Alifunga kopo, akaondoka.

Dhamana ilitoka siku iliyofuata, kwa kuwekewa na fundi saa. Binti alikuwa amemwachia ujumbe: nenda hospitali kwa baba, usiende popote pengine. Lakini njia ya hospitali ilipita kwenye mstari wa nyumba, na kwenye mstari wa nyumba kulikuwa na namba kumi na moja.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Afande, bwana jela mstaafu, mzee wa mvi aliyekata nyasi zake kwa rula. Miezi miwili nyuma alikuwa amejenga ukuta na geti la chuma jekundu, na majirani walishangaa pesa ametoa wapi. Mama Shoka hakushangaa tena. Aliokota tofali la nusu lililobaki na wajenzi, akalipiga geti mpaka likalia kama kengele.

"Toka! Toka, mwizi! Umejenga ukuta kwa jicho la mume wangu!"

Afande alitoka na rungu lake la kazini. "Ondoka kwangu. Kampuni ilinipigia, wakasema nimezidisha, nikaenda, wakanirudishia. Nimesaini. Sikuiba."

"Ulizidisha lini? Ulilipa lini hizo pesa?"

Mzee akanyamaza nusu dakika. Nusu dakika hiyo ndiyo iliyomhukumu. "Nilidhani ni hesabu zao," akasema.

Mama Shoka akamrukia. Rungu likamshukia begani, mkono ukafa ganzi, lakini mwingine ulikuwepo. Walianguka pamoja juu ya rundo la kokoto. Afande alimsukumia goti tumboni, yeye akamng'ata sikio mpaka akaonja chumvi, wakabingirika, rungu likaenda upande wake, na mwishowe Mama Shoka akawa juu, kiganja kooni kwa mzee, anakandamiza. Kitu kikaruka kutoka mdomoni mwa Afande kikatua kwenye kokoto. Yalikuwa meno yake ya bandia, safu nzima ya juu. Uso uliobaki chini yake haukuwa wa afande yeyote. Ulikuwa uso wa babu, mashavu yameingia ndani, macho yamemtoka pima, mdomo unatafuta hewa kama wa mtoto mchanga.

Mkono wake ulikataa kuendelea. Aliushangaa mwenyewe. Akauondoa, akaketi pembeni kwenye kokoto, akapumua.

Mke wa Afande alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji, tayari kuwamwagia. Akaliweka chini. "Nilimwambia," alisema kwa uchovu. "Nilimwambia, mume wangu, hizi pesa zina mwenyewe, zirudishe. Akasema wakija kuziulizia atarudisha. Hakuna aliyekuja kuuliza, dada. Ungekuja tu ukauliza."

Afande, akishikilia sikio, alitambaa kutafuta meno yake. Mama Shoka ndiye aliyeyaona kwanza. Aliyafuta kwa kanga yake, akampa.

"Nitaandika," alisema mzee kwa sauti iliyopwaya. "Nitaandika kwamba zilikuja kwangu kwa makosa. Nitazilipa, kidogo kidogo."

Karatasi ya Afande na fomu mbili za benki ziliimaliza kesi ya nyumba kwa asubuhi moja. Mwanasheria wa kampuni alikiri kwamba mhasibu alitakiwa kulinganisha namba na jina, na hakufanya hivyo. Akasema kampuni inasikitika. Alilisema neno hilo huku anafunga begi. Mlango hawakuurudisha, na jicho halikutajwa.

Kesi ya vidole haikuisha kwa asubuhi moja. Miezi mitano Mama Shoka alipanda na kushuka ngazi za mahakama, mumewe pembeni na kitambaa cheusi usoni. Siku ya hukumu, kabla hawajaitwa, alijikuta kwenye benchi moja na yule aliyemkata. Kwa mara ya kwanza alimtazama zaidi ya mkono. Mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, shati lake lina madoa ya rangi nyeupe na ya samli, rangi ileile ya kuta za namba kumi na saba.

"Wewe ni fundi rangi?" aliuliza.

"Nilikuwa. Zile nyumba zote ishirini nimepaka mimi na mwenzangu. Walitudai... yaani tuliwadai miezi mitatu. Kila tukienda wanasema majina yetu hayapo kwenye orodha, kuna makosa, tusubiri. Siku ile msimamizi akasema, njooni mng'oe milango miwili mitatu, tutawalipa na yale ya nyuma. Nilikuwa sijawahi kung'oa mlango."

"Walikulipa?"

Aliinua mkono wa kulia, wenye kidole gumba na vidole viwili tu, akaugeuzageuza. "Walinipeleka hospitali. Wakasema hayo ndiyo malipo."

Mama Shoka alitaka kusema samahani. Alikuwa amelitumia neno hilo mara chache sana maishani, na sasa aliona ni dogo, kama kumpa mtu sarafu moja kwa ng'ombe mzima.

Hakimu alimpa kifungo cha nje mwaka mmoja, na fidia ya kulipa kwa miezi ishirini. Alisema angemfunga ndani, ila kwa mume aliyekuwa mbele yake na jicho moja, asingejua anayemwadhibu ni nani.

Nyumba ikabaki yao, hati ikatoka. Mlango mpya waliununua wenyewe, wa mbao rahisi. Mumewe hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Mara mbili alimwambia, "Nitukane basi, nipige," na yeye akajibu, "Nikupige ili nini?" Alirudi kwenye cherehani baada ya miezi saba. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda kwa jicho moja, hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni Mama Shoka aliketi dirishani na kumtungia sindano kumi na mbili, nyuzi za rangi tofauti, akizichoma mstari kwenye kipande cha sponji. Vidole vyake vinene havikuwa vya kazi ile. Alijichoma sana. Binti yake alipita nyuma yake akienda shule, akasema shikamoo, akasimama kidogo, akaenda. Mazungumzo marefu bado hayakuwepo kati yao.

Fundi rangi alikuja buchani kila mwisho wa mwezi kuchukua fidia, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alisema hana imani tena na benki. Alisimama upande wa wateja, mkono mbovu mfukoni, akanyoosha wa kushoto. Mwezi wa tatu wa malipo Mama Shoka alifunga kilo mbili za nyama ya paja kwenye gazeti, akaisukuma juu ya kaunta pamoja na pesa.

"Hii ya watoto," alisema.

Mtu yule aliitazama nyama, damu ikipenya kwenye gazeti. Akaisukuma irudi.

"Nipe changu tu," alisema. "Nyama yako sitaki."

Alihesabu noti kwa mkono mmoja, kwa shida, akiziegemeza kwenye kaunta, na Mama Shoka hakuthubutu kumsaidia. Zilipotimia akazitia mfukoni, akatoka kwenye jua. Kwenye foleni mama mmoja aliomba kilo ya mbavu, akasema na zikatwe ndogondogo. Mama Shoka alisimama muda, shoka mkononi, mpaka mteja akauliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema, akaziweka mbavu kwenye gogo.